Istikhara, Moyo na Ndoto ya Jora Jeupe

Mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka 23, niliswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, usiku nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kisha nikalala kwa ubavu wa kulia nikisubiri ndoto. Posa ilikuwa imeletwa, mshenga alikwisha kuja mara mbili, na wazee walitaka jibu kabla ya mwezi kuandama. Nikaota jora la kitambaa cheupe likijikunjua lenyewe sakafuni, likaenda mpaka mlangoni, na nje kulikuwa na mwanga mwingi. Asubuhi nilimsimulia mama yangu mdogo, naye akapiga kigelegele pale pale jikoni, kwa kuwa nyeupe ni kheri na mlango ni njia. Jibu likapelekwa, ndoa ikafungwa, na baada ya miezi 14 nikarudi kwetu na begi moja na swali lililonitesa kuliko talaka yenyewe: ikiwa Mwenyezi Mungu alinionyesha, mbona mambo yamekuwa hivi?

Nimeishi na swali hilo zaidi ya miaka ishirini. Ninaandika leo kwa sababu naona ndugu zangu wengi, mabinti hasa, wamesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi. Wanajua kuswali na wanajua kuomba, lakini hakuna aliyewafundisha kuusikiliza moyo, na waliofundishwa kuusikiliza hawakufundishwa kuupima. Mimi si mwanachuoni. Ni fundi cherehani niliyesoma chuoni, yaani madrasa, kama watoto wengine wa mtaani kwetu, na haya nitakayoyasema kuhusu dini nimeyauliza kwa wenye elimu kabla ya kuyaandika. Yaliyobaki ni maisha yangu.

Kuhusu ile ndoto, nilichelewa sana kukumbuka jambo moja. Wakati ule nilikuwa najifunza ushoni katika kibanda cha fundi mmoja, na siku ile kuanzia asubuhi hadi karibu na magharibi nilikuwa nakata kitambaa cheupe cha nguo za wapambe wa bibi harusi. Jora lilitandikwa sakafuni kwa sababu meza haikulitosha, nami nilikuwa nimepiga magoti juu ya mkeka, chaki mkononi, mlango umeachwa wazi ili mwanga uingie. Nilipolala, akili yangu ilinirudishia siku yangu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: ndoto njema ambayo ni bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ndoto ya mambo ambayo mtu huizungumzisha nafsi yake. Yangu ilikuwa ya tatu, nami nikaipa cheo cha kwanza.

Huku macho, mambo yalikuwa yanasema kwa lugha nyepesi kabisa. Mshenga hakuweza kueleza yule bwana anafanya kazi ofisi gani huko Dar es Salaam. Mama mzazi wa yule bwana alikuwa mgonjwa kila tulipotaka kumwona, na ugonjwa haukuwa na jina. Kila tulipouliza habari za kwao, jibu lilikuwa refu kuliko swali. Nakumbuka vizuri nilivyokuwa najisikia wakati ule: si woga wala hasira, bali kitu kama mguu unaosita juu ya ngazi ya mwisho gizani, usiojua kama chini kuna sakafu. Sikumwambia mtu yeyote. Niliona ni jambo dogo mno, nami nilikuwa nasubiri ishara kubwa. Baadaye ikajulikana kwamba yule bwana alikuwa na mke na watoto wawili ambao hakuna aliyekuwa ametutajia. Kwa hiyo sikunyimwa uongofu. Nilipewa mapema, mchana, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, nikaukataa kwa kuwa haukuja na mwanga mlangoni.

Tuanze na istikhara yenyewe, maana hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Hadithi yake imepokewa na Jabir bin Abdillah na imo katika Sahihi Bukhari. Jabir anasema kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Mtu anapokusudia jambo, aswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha aombe dua ambayo wengi wetu tunaijua kwa mwanzo wake, *Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika*. Ndani ya dua hiyo mja anakiri kwamba Mola wake anajua na yeye hajui, kisha anaomba: ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi nikadirie, nifanyie wepesi na unibarikie, na ikiwa ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Soma maneno hayo polepole. Hakuna mahali yanapoomba ndoto, wala rangi, wala ndege kutua dirishani. Hayaombi hata ishara. Yanamwomba Mwenyezi Mungu atende: alilete jambo au aliondoe, aufungue mlango au aufunge, na audumishe moyo katika kuridhika. Hebu tazama pia pale panaposema "liepushe nami na uniepushe nalo". Kuliondoa jambo mbele yangu ni kitu kimoja, na kuniondoa mimi kwenye jambo, yaani kuutoa moyo wangu usilitamani tena, ni kitu kingine, na vyote viwili vinaombwa kwa pamoja. Ustadh mmoja aliyenieleza haya aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Je, ulipokuwa unaswali, ulikuwa umeshauliza habari zake?" Nikasema hapana. Akasema hadithi inamzungumzia mtu aliyekusudia jambo, na mtu hakusudii jambo asilolijua. Kwanza huuliza, hutafuta, hupima, kisha huelekea upande mmoja, ndipo anapomkabidhi Mola wake lile aliloelekea. Mimi nilikuwa nimeigeuza istikhara kuwa badala ya kuuliza.

Kwa wanaotaka kuianza, mambo ni mepesi. Huswaliwa wakati wowote isipokuwa nyakati zinazochukiza kuswali, kama baada ya alfajiri mpaka jua lipande na baada ya alasiri mpaka lizame. Aliye katika siku zake husoma dua bila swala. Asiyeihifadhi dua aisome kutoka kwenye karatasi, na mwenye kutojua Kiarabu ajifunze maana yake kwa Kiswahili ili ajue anaomba nini. Haiswaliwi kwa jambo la wajibu wala la haramu, kwa kuwa mambo hayo yamekwisha kuamuliwa. Inaweza kurudiwa. Na iombe mwenyewe, kwa ulimi wako na shida yako, badala ya kumlipa mtu akuombee kisha akuletee majibu; maana tofauti kati ya majibu hayo na ramli huwa nyembamba sana, na kwa anayemwendea mpiga ramli kumuuliza, hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inasema swala yake haikubaliwi kwa siku arobaini.

Sisi watu wa pwani tuna urithi mkubwa wa kusoma ishara. Jicho la kushoto likicheza tunaingiwa na huzuni kabla hata ya kujua ni ya nini; mtu akijikwaa anapotoka nyumbani anarudi ndani akae kidogo; hata neno "ndege" wazee walilitumia kwa maana ya fali, yaani dalili ya bahati, njema au mbaya. Siwadharau wazee wetu kwa hilo. Lakini nimeona jinsi mazoea haya yanavyomzoesha mtu kutazama nje, kwenye kope na kizingiti, wakati ambapo Mwenyezi Mungu anasema katika Surat Ash-Shams kwamba ameifahamisha nafsi uovu wake na uchamungu wake. Neno lililotumika pale ndilo lililotupa "ilhamu" kwa Kiswahili. Ufahamu umewekwa ndani. Anayetafuta kwenye kope anatafuta mbali.

Vijana wa mjini wana msemo wao, "machale yamenicheza", nami naupenda kwa kuwa unakiri kwamba mwili hujua kitu kabla ya ulimi. Katika kazi yangu nimeliona hili kwa mkono. Mteja akiniletea kitambaa na kusema ni pamba tupu, mimi hukipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, nikakibana kidogo, nikakiachia, na kabla sijafikiri nimeshajua kama kuna uzi wa plastiki ndani yake. Sikuzaliwa na ujuzi huo. Ni miaka ya kushika vitambaa elfu kadhaa imejikusanya vidoleni, ikawa inajibu upesi kuliko ninavyoweza kueleza. Mara chache nimekisogelea kitambaa na mkasi, mkono ukagoma, nikapima upya na kukuta nimekosea inchi mbili. Naamini kabisa kwamba ilhamu hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na naamini pia kwamba mara nyingi huipitisha katika uzoefu aliokuwa akitupa siku zote. Ndiyo maana moyo wa mtu huwa mwaminifu zaidi katika mambo aliyoyaishi, na huyumba katika mambo mageni kwake. Mimi naamini vidole vyangu juu ya kitambaa. Juu ya kiwanja au gari siviamini, huwauliza wenye kujua.

Ugumu ni kwamba moyoni hapasemi mmoja. Qur'ani inaitaja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotua. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa kirefu kuhusu mawazo yanayoupitia moyo, akatofautisha yanayoitia kheri, ambayo ni ilhamu kwa njia ya malaika, na yanayoitia shari, ambayo ni wasiwasi wa shetani. Matamanio nayo yana sauti, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Waliosema kipendacho roho hula nyama mbichi walikuwa wanaijua sauti hiyo. Kwa hiyo ukali wa hisia hauthibitishi kitu. Nimewahi kuwa na uhakika mkubwa uliokuwa tamaa tupu, na nimewahi kuwa na mguso mdogo, mwepesi kama uzi unaonasa kwenye kucha, uliokuwa ndio ukweli.

Jirani yangu wa Dar es Salaam ni Mlutheri, mama wa makamo ambaye tumesaidiana mengi, na siku moja tulipokuwa tunayazungumza haya alinisomea kisa cha Nabii Eliya katika Biblia yake. Upepo wa nguvu ulipita, kisha tetemeko la nchi, kisha moto, na Bwana hakuwamo katika hayo yote. Baada ya moto ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Nilimwambia kwetu ipo hadithi ya Wabisa bin Ma'bad, ambaye alimwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza kuhusu wema na dhambi, akaambiwa auombe fatwa, yaani hukumu, moyo wake: wema ni kile ambacho nafsi imetulia nacho na moyo umetulia nacho, na dhambi ni kile kinachokereketa katika nafsi na kusitasita kifuani, hata kama watu watakupa fatwa na kukupa tena. Tulikaa kimya kidogo, yeye na Biblia yake, mimi na sindano yangu.

Hadithi hiyo ya Wabisa ndiyo iliyonifanya nijute jambo la mwaka 2016. Mtu mmoja tuliyefahamiana naye kwa miaka, mwenye maneno mazuri na mwenye kuhudhuria misiba yetu yote, alinishawishi tuchange mtaji wa kuagiza vitambaa kutoka Guangzhou. Mimi nitoe shilingi milioni sita, yeye atoe sita, mzigo ukifika tugawane. Nilipomwomba tuandikiane, alicheka kwa upole akasema, "Dada yangu, sisi ni ndugu, karatasi za nini? Huniamini?" Pale pale kifua kilinibana. Nilirudi nyumbani, nikakosa usingizi, nikajikemea: ninamdhania vibaya Muislamu mwenzangu, na dhana mbaya ni dhambi. Nikaswali, nikamwomba Mwenyezi Mungu aniondolee ile shaka. Siku ya tatu nikatoa fedha. Mzigo haukuja, na miezi minane baadaye simu yake ilikuwa haipatikani.

Nimelitafakari kosa hili kuliko hata lile la ndoa, kwa kuwa safari hii niliusikia moyo wangu vizuri kabisa, nikaunyamazisha kwa jina la dini. Wengi wetu, wanawake hasa, tunafanya hivyo. Tumefundishwa kwamba mtu mwema hashuku, basi kila moyo unapokataa tunauona ni uchafu wa kuoshwa. Lakini aya ya Surat Al-Hujurat inatuamuru tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa *baadhi* ya dhana ni dhambi, haikusema zote. Tofauti niliyoiona kwa gharama ya milioni sita ni hii: dhana ovu humhukumu mtu, humwita mwizi moyoni na kumsengenya nje, wakati tahadhari haimhukumu mtu yeyote, inaomba karatasi tu. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inahusu jambo hilo hilo: mkikopeshana deni la muda maalumu, andikianeni, na wekeni mashahidi. Kifua changu kilikuwa kinasema lile lile ambalo Kitabu kimelisema kwa urefu wa ukurasa mzima, nami nikakiambia kinyamaze kwa ajili ya mtu aliyetabasamu.

Tangu hapo nimejiwekea desturi ya kuuliza moyo wangu unapokataa: unakataa nini hasa? Ukinijibu kwa jambo ninaloweza kulitaja, kama "amekataa kuandika" au "hajatuonyesha kwao", nalipeleka jambo hilo mbele ya mhusika kwa adabu na kutazama atakavyolipokea. Mwenye nia safi huona swali ni haki yako. Mwingine hukasirika, au hukufanya wewe ndiye mwenye kasoro kwa kuuliza. Hapo huna haja ya ndoto.

Ila kuna siku moyo unakataa na kukataa kwenyewe si uongofu. Mwaka 2011 nilipata nafasi ya kuhamia Dar es Salaam kushirikiana na mama mmoja katika fremu yake Kariakoo. Masharti yalikuwa wazi, yameandikwa, na watu waliomjua walimsifu. Kwa miezi mitatu nilisema moyo wangu umegoma. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na picha zile zile: nimekosa kodi, nimeugua peke yangu, watu wa Tanga wanasema tulijua. Nikaswali istikhara mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara nilinyanyuka kwenye mkeka nikiwa na hofu ile ile, nikahitimisha kwamba jibu ni hapana.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja siku moja akanikuta nimekaa mbele ya cherehani bila kushona. Akaniuliza, "Mwanangu, huo moyo unagoma kwa sababu gani? Nitajie moja." Nikaanza kutaja: huenda nikaugua, huenda kodi ikapanda, huenda tukagombana. Akaninyamazisha kwa mkono, akasema, "Yote hayo ni huenda. Nitajie lililopo." Sikuwa nalo hata moja. Akaniambia kwamba hofu ina maneno mengi na kila siku inakuja na jipya, na kwamba ndiyo inayopenda usiku. Nikamjibu kwamba nimesikia moyo uliotulia ndio dalili, na wangu hautulii. Akanikumbusha mama yake Nabii Musa.

Kisa hiki tunakisoma wengi, na tunakipita haraka. Katika Surat Al-Qasas, Mwenyezi Mungu anamtia ilhamu mama yake Musa amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni, asiogope wala asihuzunike, kwani atarudishwa kwake. Uongofu ulio wazi kuliko huo ni upi? Na bado, aya mbili tatu baadaye, tunaambiwa moyo wa mama yule ukawa mtupu, akakaribia kulidhihirisha jambo lake lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu. Alikuwa ameongozwa, na alikuwa anatetemeka. Kisha akafanya nini? Akamwambia dada yake Musa, mfuatie. Hakukaa kitako kusubiri ahadi itimie. Alimtuma msichana akatembee kandokando akiangalia kwa mbali. Mjomba alisema, "Usingoje hofu iishe. Nenda nayo, na umtume mtu akafuatie." Aliyefuatia alikuwa yeye mwenyewe, maana alisafiri nami kwa basi, akakaa Kariakoo siku nne, akaongea na wenye maduka ya jirani, ndipo akarudi Tanga. Fremu hiyo ndiyo iliyonilea mpaka leo.

Kwa hiyo utulivu anaoutaja Wabisa si lazima uwe raha ya mwili. Tumbo linaweza kuwa linakoroga, na chini kabisa, ukichimba, kuna mahali pametulia pakisema lile lile kila siku bila kupaza sauti. Mimi huupima kwa muda. Nikiwa na jambo huandika katika daftari ninalopimia wateja, kwenye kurasa za nyuma, moyo wangu unasema nini leo, nikarudia baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Hofu hubadili sababu kila ninapoandika, nayo tamaa hunihimiza niache kuandika kwa sababu nafasi itapita. Ile sauti ya tatu hurudia neno moja, na haina haraka.

Wala usiupime moyo ukiwa na njaa, umechoka au umekasirika. Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira, nami naona kila mmoja wetu ni kadhi wa moyo wake. Na kama sauti ndani yako inakuamuru ujidhuru au umdhuru mwingine, au wasiwasi umekushika kiasi cha kukunyima usingizi na chakula kwa wiki nyingi, hiyo si istikhara tena. Mwambie mtu wa karibu leo hii na uende hospitali, huku ukiendelea na dua zako. Kutafuta tiba ni katika dini.

Kushauriana ndiko kunakopuuzwa zaidi, kwa kuwa mtu anayesema "nimeongozwa" huona aibu kuuliza tena. Aliyekuwa na haki ya kutouliza mtu alikuwa Mtume (S.A.W.), naye akaamrishwa katika Surat Al-Imran ashauriane na masahaba, na akishaazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani upande wa Syria, alipata habari kwamba huko kumezuka tauni. Aliwaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Akaazimia kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Baada ya hapo ndipo alipofika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo wakati wa mashauri, akaleta hadithi kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu. Hakuona ndoto usiku ule. Aliuliza mara tatu, akaamua, na uthibitisho ukamkuta akiwa ameshaazimia kurudi.

Chagua wachache wa kuwauliza. Mimi huhitaji mmoja anayenijua kasoro zangu, mmoja anayelijua jambo lenyewe, na mmoja ambaye hatapata wala hatapoteza chochote kwa uamuzi wangu. Mama yangu mdogo aliyepiga kigelegele alinipenda sana, lakini alitaka kuniona nimeolewa kuliko nilivyotaka mimi.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Ameletewa posa, ameswali istikhara usiku tatu, na usiku wa tatu ameota amesimama ufukweni, maji yametulia, na mtu asiyemwona uso anamkabidhi kikapu cha maembe mabivu. "Mama mkubwa, hiyo si kheri?" Nilisikia furaha katika sauti yake na sikutaka kuizima. Nikamwambia huenda ni kheri, amshukuru Mola wake, na asimsimulie kila mtu. Kisha nikamuuliza kwao yule kijana ni wapi. Akasema Pangani. Nikamuuliza ni nani katika wazee wetu aliyekwisha kufika huko, na moyo wake ulisema nini kuhusu kijana mwenyewe kabla hajaota chochote. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikamwacha anyamaze. Mwishowe akasema kuna jambo dogo, pengine si kitu.

Nikamwambia aniambie hilo dogo. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la alfajiri, na mchana tulikuwa tumekaa uani kwa mama yake yule kijana, tunamenya mihogo na kuuliza.